Kukwea Mahali Pasipo na Magenge Marefu: Jibu kwa Msomaji wa Cedar Rapids

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, ninaishi Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, na ninafanya kazi ya zamu ya usiku kiwandani. Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikienda jimu kukwea kuta zile fupi zisizo na kamba, na nimeupenda mchezo huu kuliko nilivyotarajia. Wenzangu wa huko wananiambia kwamba Iowa ni mashamba ya mahindi matupu, na kwamba bila kuhamia Colorado au Utah sitafika popote. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi, na nijihadhari na nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Wanayokuambia wenzako si kweli, ingawa ninaelewa yanakotoka. Sehemu ya juu kuliko zote katika Iowa, Hawkeye Point, iko mita 509 juu ya usawa wa bahari, na hata hiyo haina sura ya kilele. Ni mwinuko wa shambani ambao ungeupita kwa gari bila kugundua kama hakuna aliyekuonyesha. Anayeupima mchezo wetu kwa milima atatazama ramani ya jimbo lenu na kuikunja. Lakini wewe hukuniuliza habari za milima. Mtu hukwea kwa vidole, kwa ncha za vidole vya miguu na kwa kiuno, na viungo hivyo havijui kama chini yake pana mita tatu au mia tatu. Kinachojua ni moyo, nao una shule yake ambayo nitaifikia.

Nianze na watu, kwa sababu historia ya mchezo wenyewe inawapinga wenzako. Kukwea majabali mafupi bila kamba kulikuzwa na wakazi wa Paris, mji ulio mbali na milima mikubwa. Kusini mwa mji huo kuna msitu wa Fontainebleau, wenye maelfu ya majabali ya mawe ya mchanga, mengi yakiwa na kimo cha mita tatu hadi tano tu. Wakweaji wa Paris walianza kwenda huko mwishoni mwa juma ili wasilegee huku wakisubiri safari ya Alpi, na baada ya muda wakagundua kwamba kilichokuwa mazoezi kimekuwa mchezo kamili. Ndipo Pierre Allain, mmoja wa wakweaji hao, alipokuwa akijaribia viatu vyepesi vya soli laini ya mpira, mababu wa viatu unavyovaa leo jimu.

Huko Marekani, anayetajwa kuwa baba wa kukwea majabali ni John Gill, mwanahisabati aliyekuwa pia mcheza sarakasi wa pete na kamba. Ndiye aliyeleta katika ukweaji ile chaki ya wanasarakasi unayojipaka mikononi, miaka ya 1950. Mwaka 1961, huko Needles katika jimbo la South Dakota, alikwea bila kamba nguzo ya mwamba iitwayo Thimble, yenye kimo cha mita tisa hivi, ambayo wakati ule ilikuwa na uzio wa maegesho ya magari chini yake. Sehemu hiyo watu huipenda kuisimulia. Mimi napenda zaidi isiyosimuliwa sana: katikati ya miaka ya 1960 Gill alifundisha hisabati katika chuo cha Murray, magharibi mwa Kentucky, na siku zake za mapumziko alivuka kwenda Dixon Springs, kusini mwa Illinois, kukwea vijabali vya mawe ya mchanga ambavyo mpita njia angevipa mgongo akalie na kufungua chakula chake. Yaani mtu aliyekuwa mbele ya ulimwengu mzima katika fani yake alijinoa katika jimbo jirani na lako, mahali ambapo hata leo hapachapishwi kwenye kalenda.

Mfano mwingine ni wa Ujerumani. Mwaka 1991 Wolfgang Güllich alikwea njia iitwayo Action Directe katika eneo la Frankenjura, na kwa wakati ule ilihesabika kuwa njia ngumu kuliko zote duniani. Urefu wake ni takriban mita 15. Ili aiweze, alijizoeza kwenye jimu moja ya Nürnberg kwa kuning'inia na kuruka kwa mikono kutoka ubao mmoja hadi mwingine, miguu ikiwa hewani; ubao huo sasa umo katika jimu karibu zote, na bila shaka umeuona. Nakuomba usiuguse bado, na sababu nitaieleza. Na ikiwa wenzako wanaona hayo ni mambo ya kale, waambie kwamba katika mashindano ya Olimpiki, tangu yale ya Tokyo yaliyofanyika mwaka 2021, ukuta wa kukwea bila kamba una mita nne na nusu tu, na kuta zile za kamba zina mita 15. Maghala ya nafaka yaliyo kandokando ya barabara zenu ni marefu kuliko hizo.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Iowa inaonekana tambarare kwa sababu barafu kuu za zama za kale ziliisaga mara kwa mara na kuacha juu yake tabaka nene la udongo, ule ule unaootesha mahindi. Mwamba uko chini yake. Mahali ambapo mto umepata muda wa kutosha, umeukata udongo huo na kuufunua mwamba, na upande wa mashariki, yaani upande wako, mwamba huo ni dolomaiti, jamaa wa karibu wa mawe ya chokaa, uliotokana na sakafu ya bahari yenye joto iliyokuwapo hapo zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kwa hiyo kanuni ya kutafuta mwamba katika nchi yenu ni rahisi, nayo ni kinyume cha kanuni ya milimani: usitazame juu, fuata maji yanakoteremka. Mto Maquoketa umekufanyia kazi kubwa bila malipo.

Hifadhi ya Backbone, karibu na mji wa Strawberry Point, iko mwendo wa saa moja hivi kutoka kwako. Ndiyo hifadhi ya kwanza ya jimbo la Iowa, iliyofunguliwa mwaka 1920, na jina lake limetokana na ukingo mwembamba wa mwamba ambao mto umeuzunguka pande zote mbili hadi ukabaki umesimama kama uti wa mgongo. Magenge yake ni mafupi, mengi yanakwewa kwa kamba iliyofungwa juu, na panamfaa mtu anayetaka kugusa mwamba wa kweli kwa mara ya kwanza. Karibu zaidi nawe, nje ya mji wa Monticello, kuna Pictured Rocks, kando ya mto uleule, penye njia fupi zilizotiwa bolti, yaani vyuma vya kudumu vilivyokazwa mwambani ili kamba ipitishwe. Ukivuka Mto Mississippi na kuingia Illinois utafika Mississippi Palisades, jirani na mji wa Savanna, ambako dolomaiti inasimama juu kidogo zaidi na kuna mnara wa mwamba unaojitegemea uitwao Sentinel. Hapo usiende peke yako, wala usiende kabla hujafundishwa kufunga kamba.

Nieleze kidogo jinsi dolomaiti inavyokuwa, kwa kuwa mtu anayetoka kwenye vishikio vya plastiki hushangaa. Jimu imekuzoeza kuona: kishikio cha kijani, kishikio cha kijani, kishikio cha kijani, juu. Kwenye mwamba hakuna rangi. Ukisogeza uso karibu na genge la Backbone utaliona limejaa vitundu, vingine vya ukubwa wa punje ya mahindi, vingine vinameza ngumi. Vingi kati ya hivyo ni mahali palipokuwa na matumbawe na makombe, yakayeyuka, yakaacha uwazi wake. Kidole kimoja kinaingia hadi pingili ya kwanza na kukutana na ukingo mkali. Cha pili kinaingia kwenye kitundu cha jirani na kukuta matope ya jana na buibui. Ukipapasa kwa subira utapata kwamba katika vitundu kumi, viwili vina mdomo ulioinama kwa ndani, na ni hivyo viwili vitakavyokubeba. Chini, kwa miguu, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa sehemu zilizokanyagwa na watu wengi zimesuguliwa mpaka zinang'aa kama ngazi za nyumba kongwe ya mawe. Hapo ndipo utakapojifunza kuweka ncha ya kiatu mara moja na kuiacha itulie. Mwanafunzi anayeburuza mguu ukutani mara tatu kabla haujakaa ananiambia, bila kufungua kinywa, kwamba alijifunza kwenye plastiki.

Usidharau pia majabali yaliyoinama ambayo huanza kukwewa mtu akiwa ameketi chini. Njia fupi ya namna hiyo mimi huiita fumbo, maana hufumbuliwa kwa akili kabla ya nguvu. Jiwe lenye mita mbili na nusu linaweza kuwa na miondoko minane, mitano kati yake ikiwa chini ya usawa wa kifua chako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika fani yetu huo si usemi wa mfano tu, kwani utakuwa kweli umelala chali mvunguni mwa jiwe, kisogo kikigusa majani, ukitafuta mahali pa kuingiza kisigino.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote katika barua hii ni kuanguka. Watu wa nchi zenye magenge marefu huogopa urefu, kwa hiyo hufunga kamba na kuikagua. Watu wa mawe mafupi hawaogopi, na ndio wanaoumia vifundo vya miguu na viwiko. Fikiria hesabu hii: nyayo zako zikiwa mita tatu juu ya ardhi, utafika chini ukiwa na kasi ya takriban kilomita 28 kwa saa. Tena katika ukweaji wa kamba aliyefungwa vizuri haangukii ardhi kila mara, ilhali katika ukweaji wa majabali kila anguko ni anguko la ardhini, hata lile la siku njema. Mimi mwenyewe niliwahi kuteguka kifundo cha mguu kwa anguko lisilofika mita mbili. Nilikuwa nimetandika magodoro mawili ya kuangukia yakiwa ubavu kwa ubavu, yakiwa yameachana kwa upana wa kiganja, na mguu wangu wa kushoto uliuona mwanya huo vizuri kuliko nilivyouona mimi. Wiki sita nilitembea kwa gongo. Siku hizi mahali godoro linapokutana na lingine huwa nafunika kwa zulia, na hulikanyaga kwanza kabla ya kuanza kukwea.

Kwa hiyo jifunze kuanguka jimu, kwa makusudi, kabla hujaenda nje. Anza ukiwa umeshika kishikio kilicho usawa wa kichwa, jiachie, tua kwa miguu yote miwili iliyopanuka kadiri ya mabega, magoti yakiwa yamekunjwa tayari, kisha uache mwili uendelee kushuka mpaka uketi na kubingirika mgongoni, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kosa la kila mtu ni kutaka kusimama imara kama mwanasarakasi anayesubiri makofi, na kosa linalofuata ni kunyoosha mkono nyuma ili kujizuia. La kwanza huumiza magoti na vifundo, la pili huvunja kifundo cha mkono. Rudia mara ishirini kila siku unapopasha mwili moto, kisha upande usawa mmoja juu zaidi. Na ukiwa nje na mwenzako, ajue kwamba kazi yake si kukudaka mikononi kama mtoto. Kazi yake ni kuinua mikono, kukuongoza kiunoni ili uangukie godoro ukiwa umetanguliza miguu, na kuhakikisha kichwa chako hakipati jiwe wala mzizi. Kabla ya kupanda tazameni pia njia ya kushukia. Nimewaona watu wawili kwa nyakati tofauti wakifika juu ya jabali kwa shangwe, kisha wakakaa huko nusu saa kwa kuwa hawakufikiria watashukaje.

Kuhusu mazoezi, nitakuwa mfupi upande mmoja na mkali upande mwingine. Upande wa mfupi: siku mbili au tatu kwa juma zinakutosha, zikiachana kwa saa 48 hivi, na kwa kuwa unafanya zamu ya usiku, usikwee kwa nguvu zako zote asubuhi unapotoka kazini. Mwili uliokesha hushika vizuri kwa dakika ishirini, halafu hukudanganya. Lala kwanza, ukwee kabla ya zamu.

Upande wa mkali ni vidole. Misuli ya mkono huongezeka nguvu ndani ya miezi michache, lakini kano, pamoja na zile pete ndogo zinazozishikilia kano hizo kwenye mifupa ya vidole, hujengeka taratibu mno. Matokeo yake ni kwamba kijana mwenye nguvu kama wewe hufika mwezi wa saba au wa nane wa mazoezi akiwa na misuli inayoweza kuvuta zaidi ya vidole vinavyoweza kustahimili, na siku moja husikia kitu kikialika kwenye kidole cha pete, sauti ya kijiti kikavu, na mwaka wake umekwisha. Ndiyo sababu nimekuomba usiuguse ubao ule wa Güllich. Zoea kushika kwa vidole vilivyonyooka kidogo badala ya kuvikunja na kufungia kwa dole gumba, kwa sababu mkunjo ule huzikaba zile pete kwa nguvu kubwa. Kidole kikiuma ukikibonyeza chini ya pingili, pumzika, hata kama fumbo lako limebakiza mwondoko mmoja.

Baada ya mwaka, ukitaka, jenga ukuta nyumbani, kama una chumba cha chini ya nyumba au banda la gari na mwenye nyumba amekubali. Watu wa nchi tambarare duniani kote wamepata nguvu zao hapo, wala si jambo la gharama kubwa. Mbao mbili za plaiwudi za futi nne kwa nane, zenye unene wa robo tatu ya inchi, zilizosimamishwa juu ya fremu ya mbao nene na kuinamishwa digrii 25 au 30, zitakutosha miaka mingi. Kuta maarufu za kibiashara zinazowashwa taa mara nyingi huinamishwa digrii 40, lakini mwanzoni utachoka mabega na usijifunze kitu. Toboa matundu kabla ya kusimamisha mbao, na zile nati zenye meno za kukazia vishikio zigongee kwa upande wa nyuma, zote, hata mahali ambapo hudhani utaweka kishikio. Ukisahau, utakuja kulala sakafuni nyuma ya ukuta ukiwa na nyundo, na nafasi yenyewe haikutoshi. Vishikio vya mti, vilivyosuguliwa kwa msasa, haviumizi ngozi kama vya plastiki, na mtu mwenye msumeno anaweza kujitengenezea.

Sasa yale ambayo mawe mafupi hayatakupa, nami sitaki kukuficha. Hayatakupa stahamala ya dakika kumi na tano ukutani, hayatakufundisha kazi ya kamba, na hayatauzoeza moyo kutazama chini. Kwa hayo inakubidi usafiri, lakini si hadi Colorado. Mwendo wa saa tatu na nusu hivi kaskazini mashariki, katika jimbo la Wisconsin, kuna Devil's Lake, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1911, na hapo ndipo nilipotumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kufundisha. Kwa watu wa kabila la Ho-Chunk ziwa lile ni takatifu, na jina la ibilisi ni la wageni. Magenge yake ni ya kwatsaiti ya zambarau, mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.7, mgumu na laini kama sahani ya kaure, na mengine yanafikia mita 30. Huko hawatii bolti. Kamba hufungwa juu kwenye miti na mawe makubwa, au mkweaji hupachika vyuma vyake mwenyewe kwenye nyufa na kuving'oa anapopita. Mtu akijifunza kusimama juu ya kwatsaiti ile, ambayo haina huruma kwa mguu uliowekwa ovyo, mwamba mwingine wowote ataukuta mpole. Tafuta mwalimu kwa siku mbili za kwanza. Kufunga nanga ya kamba si somo la kujifunza kwa kutazama video.

Na kuna shule nyingine ya urefu ambayo ni yenu watu wa Iowa hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Cedar Falls, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Northern Iowa aitwaye Don Briggs alitazama maghala marefu ya duara ambamo wakulima huhifadhi lishe ya ng'ombe, akapandisha mpira wa maji hadi juu, akayaacha maji yatiririke usiku wa baridi kali. Asubuhi ghala lilikuwa limevaa barafu kutoka kileleni hadi chini, zaidi ya mita 20, nalo likakwewa kwa shoka za barafu na viatu vya meno. Kusini zaidi, mjini Bloomington, Illinois, maghala ya nafaka yaligeuzwa kuwa jimu ya kukwea miaka ya 1990. Wenzako wanaosema kwamba kwenu kuna mahindi matupu wangepaswa kuangalia vizuri mahindi hayo na lishe hiyo vinawekwa wapi.

Mawe ya mchanga ya kusini mwa Illinois, katika msitu wa Shawnee, ni safari ya saa saba hivi, ya kufanya mara moja au mbili kwa mwaka. Jackson Falls ni ya kamba. Holy Boulders ni majabali matupu, na leo yako wazi kwa sababu chama cha wakweaji wa Illinois na shirika la Access Fund walichanga fedha wakainunua ardhi. Sharti moja tu la huko: mawe ya mchanga yakilowa hupoteza nguvu, na kishikio kilichodumu maelfu ya miaka hukatika mkononi mwako. Baada ya mvua kubwa subiri siku mbili au tatu, hata kama uso wa jiwe umeshakauka, maana ndani bado ni mbichi.

Kuhusu ruhusa, sehemu kubwa mno ya ardhi ya Iowa ni mali ya watu binafsi. Ukiona genge zuri nyuma ya zizi la mtu, nenda mlangoni kwake mchana, ukiwa umevua miwani ya jua, ujitambulishe na kumweleza unachotaka. Usiruke ua. Akikataa, mshukuru na uondoke. Huenda mwakani akakubali, lakini hatakubali kamwe kama alikukuta ndani. Katika hifadhi za jimbo, kanuni zinamtaka mkweaji ajiandikishe ofisini kabla ya kupanda, nazo zinakataza kukwea magenge bila kamba. Kwa hiyo ukitaka kutandika godoro chini ya jabali la Backbone, mwulize mlinzi kwanza linahesabiwaje. Zipo hifadhi ambazo haziruhusu kukwea kabisa, zikiwamo Maquoketa Caves, Ledges na Wildcat Den, ingawa mwamba wake unatamanisha.

Majira yenu yana hila zake. Julai na Agosti unyevu ni mwingi, mikono inateleza hata ukipaka chaki mara kumi, na nyuki na mbu wana kikao. Aprili siku ya kwanza ya joto humwita kila mtu nje, lakini mwamba bado una baridi ya miezi mitano ndani yake, na hewa yenye unyevu ikiugusa hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Utakuta genge limelowa bila mvua. Mwezi wa kumi ndio wenyewe. Hewa ni kavu, nyuzi za Selsiasi ni kati ya tano na kumi na tano, soli ya kiatu inashika. Vaa nguo ya rangi ya chungwa inayowaka ukiwa kwenye maeneo ya wanyamapori, kwani ni msimu wa uwindaji. Jikague kupe jioni, nyuma ya magoti na kwapani, kwa sababu kupe wa kulungu hueneza ugonjwa wa Lyme. Jihadhari na ule mmea wenye vijani vitatu vitatu ambao mafuta yake huwasha ngozi kwa wiki mbili. Hutambaa hadi juu ya magenge, na kamba iliyopita juu yake itakuletea mikononi. Na usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani wakati wa jua la asubuhi, kwa kuwa nyoka wenye njuga mkiani bado wanaishi katika miamba ya bonde la Mississippi, ni wapole, na hawataki mgeni.

Kwa safari yako ya kwanza ningekushauri uchague siku kavu ya Oktoba, mwende watu watatu, ili mmoja akikwea, mmoja ashike kamba na mmoja aangalie. Fikeni Backbone saa nne asubuhi, jiandikisheni, kisha msifungue mabegi kwanza. Tembeeni chini ya genge kutoka mwanzo hadi mwisho mkiwa mikono mitupu, mkigusa. Chagua ukuta mmoja ambao hauzidi mara nne ya kimo chako, ufunge kamba juu na mtu anayejua, na uukwee mara tano mfululizo: mara ya kwanza upendavyo, mara ya pili bila kuburuza mguu hata mara moja, mara ya tatu kwa mikono iliyonyooka kila inapowezekana, mara ya nne ukiwa umefumba macho katika miondoko mitatu ya mwanzo, na mara ya tano kimya, kiasi kwamba aliyeshika kamba asisikie kiatu chako kikigusa mwamba. Hiyo ya tano huchukua muda, na mara nyingi hairuhusu ya sita siku hiyohiyo. Chukua chai ya moto kwenye chupa, na soksi za kubadili.